Marekani: FAA na EAA walipatana kuhusu malipo ya Oshkosh, lakini swali la nani mwenye haki ya kuweka ada lilibaki

Mwezi wa tatu mwaka 2014, FAA, idara ya serikali ya Marekani yenye kusimamia usafiri wa anga, ilitia sahihi mkataba wa miaka 9 na EAA, shirika linalokusanya wapenzi wa ndege ndogo. Kwa mkataba huo, EAA ilikubali kuendelea kulipa gharama za waongoza ndege wanaotumwa kila mwaka kwenye maonyesho yake makubwa ya Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin. EAA nayo iliondoa mashtaka iliyopeleka mahakamani mwaka 2013.

Ugomvi huu ulianza na hati ya malipo ya karibu dola 447 000. Bajeti ya FAA wakati huo ilipita dola bilioni 15 kwa mwaka, kwa hiyo pesa hizo hazikuweza kuiokoa wala kuiangusha. Ila nyuma yake kulikuwa na swali zito: je, idara ya serikali iliyokosa pesa inaweza, bila kupitia bunge, kuanza kulipisha huduma ya usalama ambayo ilitolewa bila malipo kwa miaka mingi? Mkataba ulituliza pande zote mbili, lakini swali hilo halikujibiwa.

Juma moja la kazi kubwa katika mji mdogo

Oshkosh ni mji wenye wakaaji wapatao 66 000, kando ya ziwa Winnebago. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, uwanja wake wa Wittman ni uwanja mtulivu, usiopokea ndege za abiria za kila siku. Lakini mwisho wa mwezi wa saba mambo yanageuka. Ndege zipatazo 10 000 zinafika Wittman na kwenye viwanja vya jirani, na watu karibu nusu milioni wanahudhuria kwa muda wa siku saba. Kuna ndege za kivita za zamani, ndege zilizotengenezwa na watu binafsi katika karakana za nyumbani, helikopta na ndege mpya za biashara. Maonyesho hayo yanaitwa AirVenture. EAA ilianzishwa mwaka 1953 na Paul Poberezny, na tangu 1970 mkutano wake wa kila mwaka unafanyika Oshkosh.

Katika siku hizo mnara wa Wittman unahesabiwa kati ya minara yenye kazi nyingi kupita yote duniani. Waongoza ndege wachache wa kawaida wa pale hawawezi kuibeba kazi hiyo peke yao. FAA inachagua wengine kutoka pembe mbalimbali za nchi, watu wenye uzoefu wanaojitolea kuomba nafasi hiyo, na kuwatuma Oshkosh. Mwaka 2013 walikuwa zaidi ya 80, pamoja na wasimamizi wao.

Kazi yao haifanani na ile ya siku za kawaida. Rubani wa ndege ndogo anayekuja Oshkosh anapitia kwanza juu ya mji wa Ripon, kisha anafuata reli mpaka kijiji cha Fisk, kwa mwendo wa karibu kilometa 165 kwa saa, ndege moja nyuma ya ingine. Pale Fisk waongoza ndege wako chini, wameshika darubini. Hawaulizi namba ya ndege wala jina la rubani. Wanaitambua kwa rangi na umbo lake, wanaita kwa redio, na rubani hajibu kwa sauti: anatikisa mabawa kuonyesha kwamba amesikia. Akifika kwenye uwanja, anaambiwa atue juu ya alama ya rangi fulani iliyopakwa kwenye barabara ya kutulia, na wakati uleule ndege ingine inaweza kuwa inatua kwenye alama ya rangi ingine, kwenye barabara ileile.

Umbali kati ya ndege na ndege unakuwa mfupi kuliko kanuni za kawaida zinavyotaka, na unaruhusiwa kwa kibali maalum cha FAA. Ndiyo maana haiwezekani kufanya maonyesho haya bila waongoza ndege wa serikali. EAA haiwezi kukodi kampuni ingine ifanye kazi hiyo kwa bei nafuu. Mwenye kutoa kibali na mwenye kutoa wafanyakazi ni mmoja.

Hati ya malipo ilitoka wapi

Tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka 2013, upunguzaji wa lazima wa bajeti ulianza kutumika Marekani. Ulitokana na sheria ya 2011 kuhusu deni la taifa: Kongresi ilikuwa imejiwekea adhabu kwamba ikishindwa kupatana juu ya namna ya kupunguza matumizi, pesa zitakatwa karibu kila mahali bila kuchagua. Wengi waliamini kwamba adhabu hiyo haitafika kamwe, lakini ilifika. FAA iliambiwa ipunguze dola milioni 637 kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa.

Hatua zilizofuata zilionekana haraka. FAA ilitangaza kwamba minara 149 inayoendeshwa na kampuni za kandarasi kwenye viwanja vidogo itafungwa. Kuanzia tarehe 21 mwezi wa nne, wafanyakazi wake, pamoja na waongoza ndege, walianza kupelekwa kwenye likizo ya lazima bila mshahara. Ndege za abiria zikachelewa katika miji mikubwa, na wasafiri wakalalamika. Ndani ya juma moja Kongresi ilipitisha sheria ya kuruhusu FAA kuhamisha hadi dola milioni 253 kutoka kwenye pesa za miradi ya viwanja. Rais Barack Obama aliitia sahihi tarehe 1 mwezi wa tano. Likizo zikaisha, na minara ikabaki wazi.

Wapanga maonyesho ya ndege hawakupata nafuu hiyo. Mwezi wa nne, maonyesho ya Sun 'n Fun huko Lakeland, Florida, yalikuwa yamekwisha kulipishwa zaidi ya dola 280 000 kwa ajili ya waongoza ndege. Katikati ya mwezi wa tano, majuma machache baada ya pesa kupatikana kwa ajili ya ndege za abiria, zamu ya Oshkosh ikafika. Hati ya malipo ilihesabu safari, chakula na malazi ya waongoza ndege pamoja na saa zao za ziada.

Wakati huo zilikuwa zimebaki wiki kumi hivi. Maandalizi ya AirVenture yanaanza mwaka mzima mbele, na marubani wengi walikuwa wamekwisha kupanga safari. EAA ingefanya nini? Kufuta maonyesho ilikuwa hasara kubwa zaidi kuliko kulipa. Kuyafanya bila waongoza ndege ilikuwa hatari kwa maisha ya watu. Ililipa, huku ikisema wazi kwamba haikubali, na mwanzoni mwa mwezi wa saba ikapeleka kesi kwenye mahakama ya rufaa ya serikali kuu iliyoko Chicago.

FAA ilikuwa na hoja

Si haki kusema kwamba serikali ilifanya hivyo kwa uonevu tu. Sheria ya upunguzaji iliilazimisha kukata, na kila dola iliyotumwa Oshkosh ilikuwa dola iliyotoka mahali pengine. Mishahara ya kawaida ya waongoza ndege haikuwa ndani ya hesabu; kilichodaiwa ni gharama za ziada, zile ambazo zisingekuwepo kama maonyesho yasingekuwepo.

Tena AirVenture si mkutano wa maskini. Watu wanalipa kuingia, kampuni zinalipa nafasi za kuonyesha bidhaa zao, na wengi wanaotua pale ni watu wenye uwezo wa kununua na kutunza ndege. Mtu anayesafiri kwa basi kati ya Milwaukee na Chicago anaweza kuuliza kwa nini kodi yake igharamie burudani ya wengine. Hata kwetu, mwenye kupanga mchezo mkubwa au tamasha la muziki akiomba polisi wengi kupita kawaida, si ajabu kusikia kwamba yeye mwenyewe ndiye atawagharamia.

Zaidi ya hayo, mwaka uleule wengine walipoteza kabisa. Timu za ndege za jeshi, Thunderbirds na Blue Angels, zilisimamishwa, na maonyesho mengi madogo yakafutwa kwa sababu watu walikuwa wanakuja kuziangalia hizo. Mbele ya picha hiyo, FAA ingeweza kusema kwamba Oshkosh ilitendewa vizuri: ililipishwa, lakini haikufungiwa mlango.

Ila EAA ilishika jambo la msingi

Hoja ya kwanza ya EAA ilikuwa kwamba wenye ndege ndogo wamekwisha kulipa. Marekani, anayeweka mafuta katika ndege yake binafsi analipa kodi ya serikali kuu ndani ya bei ya mafuta hayo: senti 19,3 kwa kila galoni ya petroli ya ndege, na karibu senti 22 kwa mafuta ya ndege za jeti. Kodi hizo zinaingia katika mfuko maalum wa viwanja na njia za anga, ulioanzishwa mwaka 1970, ambao ndio unabeba sehemu kubwa ya bajeti ya FAA. Ndege maelfu zinazokuja Oshkosh na kurudi zinachoma mafuta mengi. Kwa EAA, kulipishwa tena kwa ajili ya kuongozwa ni kulipa mara mbili kwa kitu kimoja.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haimalizi ugomvi. Mtu anaweza kujibu kwamba kodi ya mafuta inagharamia huduma ya kawaida, na Oshkosh si ya kawaida.

Hoja ya pili ndiyo nzito. Katiba ya Marekani, katika kifungu chake cha kwanza, inaipa Kongresi mamlaka ya kutoza kodi. Idara za serikali zinaweza kudai malipo ya huduma, lakini ndani ya mipaka. Mwaka 1974, katika kesi ya kampuni za televisheni za nyaya, Mahakama Kuu ya Marekani ilichora mstari: malipo ya huduma yafuate faida ambayo mlipaji mwenyewe anaipata, kwa kuwa yakienda zaidi ya hapo yanaanza kuwa kodi, na kodi ni kazi ya bunge. Je, ndege ikitua salama Oshkosh, faida ni ya EAA peke yake? Ni pia ya rubani asiye mwanachama, ya mkaaji anayelala chini ya njia ya ndege hizo, na ya ndege za abiria zinazopita jirani.

Kwa miaka kadhaa pia, sheria za bajeti zimekuwa na kifungu kinachoikataza FAA kutumia pesa zake kukamilisha kanuni za ada mpya ambazo sheria haikuziruhusu wazi. Kongresi iliweka kizuizi hicho kwa kusudi. Mwaka 2011 serikali ya Obama ilipendekeza ada ya dola 100 kwa kila safari ya ndege nyingi zinazotumia anga inayosimamiwa, lakini wabunge wakakataa. Ilirudi na pendekezo hilo tena, wakakataa tena. Kwa hiyo hati ya Oshkosh ilipotokea, wenye ndege waliona ada ileile iliyofukuzwa mlangoni ikiingia kwa dirisha. FAA haikuandika kanuni mpya. Ilitumia njia ya mkataba wa kurudishiwa gharama. Kwa maneno, mkataba ni makubaliano ya hiari. Lakini hiari iko wapi kama asiyetia sahihi hapati kibali?

Maseneta 28 wa vyama vyote viwili waliandikia serikali kupinga malipo hayo. Barua yao haikubadilisha kitu, na maonyesho ya 2013 yalifanyika kwa gharama ya EAA.

Shida ilipungua, ada ikabaki

Ukitazama tarehe, kuna jambo ambalo halikusemwa sana. Sababu iliyotolewa kwa ajili ya ada ilikuwa upunguzaji wa bajeti wa 2013. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, Kongresi ilipitisha makubaliano mapya yaliyorudisha sehemu ya pesa zilizokatwa, kwa mwaka 2014 na 2015. Kamba ililegezwa. Hata hivyo, miezi mitatu baadaye, ada ambayo ilizaliwa kama hatua ya dharura iliandikwa katika mkataba wa miaka 9, ni kusema mpaka 2022.

Hivyo ndivyo malipo ya namna hii yanavyoota mizizi. Mwaka wa kwanza yanaitwa ya lazima kwa sababu ya shida. Mwaka wa pili yamekwisha kuingia katika hesabu za pande zote mbili. Idara imepanga matumizi yake ikitegemea pesa hizo, na mlipaji ameziweka katika bei ya tiketi. Mwaka wa tatu hakuna anayeuliza tena yalianzaje.

EAA yenyewe haikuficha kwamba ilitia sahihi bila furaha. Msimamo wake kwamba FAA haikuwa na ruhusa ya bunge haukubadilika. Ilichokitafuta ni uhakika: kujua mapema kitakachodaiwa, na kujua kwamba waongoza ndege watakuja. Kwa shirika lililokuwa wakati huo na wanachama zaidi ya 180 000 na maonyesho yanayohitaji maandalizi ya mwaka mzima, uhakika huo una bei yake. Kungoja hukumu kungeweza kuchukua muda mrefu, na kila mwezi wa saba hati ingine ingefika.

Lakini bei hiyo haikulipwa na EAA peke yake. Kesi ilipoondolewa, mahakama ilikosa nafasi ya kusema kama FAA ilikuwa na haki ama hapana. Shirika kubwa lenye mawakili na marafiki katika Seneti lilipata mkataba. Wapanga maonyesho wadogo, wenye siku mbili na ndege mia moja, hawakuwa na hukumu ya kushika mkononi siku ambayo wao pia wangepokea hati. Wangelipa, ama wangefuta maonyesho yao.

Kwa upande wa usalama pia kuna swali. Gharama za waongoza ndege zikiwa juu ya mpanga maonyesho, kila mwongoza ndege wa ziada anakuwa mstari katika hesabu zake. Oshkosh iliweza kulipia watu zaidi ya 80. Kwingineko, mtu aliyebanwa na pesa anaweza kushawishika kuomba wachache zaidi. Idadi ya macho yanayotazama anga inapaswa kuamuliwa na wingi wa ndege, si na mfuko wa anayepanga sherehe.

Swali linalojulikana pia Goma, Bukavu na Kisangani

Msomaji wa Kongo anaweza kuona ugomvi huu wa dola 447 000 kama mchezo wa matajiri. Lakini kiini chake hakiko mbali na yeye. Kuanzia 2009, kila msafiri aliyepanda ndege katika nchi yetu alilipa Go Pass: dola 10 kwa safari ya ndani, dola 50 kwa safari ya nje. Pesa hizo zilikusanywa na RVA kwa ajili ya kuendeleza viwanja vya ndege. Aliyelipa hakuwa na njia ingine, kwa kuwa bila karatasi hiyo hakupita. Na mwaka 2014 aliyetoka Goma alipanda ndege kwenye uwanja ambao sehemu ya barabara yake ya kutulia ilikuwa ingali chini ya mawe ya Nyiragongo tangu mwezi wa kwanza mwaka 2002.

Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 174, inasema kwamba kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Ni kanuni ileile ambayo EAA iliitafuta Chicago. Kwa nchi zote mbili, mlango ambao kanuni hiyo inaponyokea ni mmoja: jina. Malipo yakiitwa kodi, bunge linapaswa kusema. Yakiitwa ada, malipo ya huduma, ama kurudisha gharama, idara inaweza kwenda mbele peke yake, na mlipaji anagundua hali yake akiwa kwenye dirisha la kulipia.

Ada si kosa kwa yenyewe. Huduma ya anga ina gharama, na mkataba wa Chicago wa 1944, ambao nchi hizi mbili zinaufuata, unakubali kwamba ndege zilipie matumizi ya viwanja na vifaa vya kuongozea, mradi ndege za nchi zingine zisilipishwe zaidi ya zile za wenyeji. Lakini kuna mambo matatu ambayo mlipaji yeyote ana haki ya kuyajua: nani aliamua, kiasi kilihesabiwa namna gani, na pesa zinafanya nini. Oshkosh, jambo la pili na la tatu yalijulikana: ni safari, malazi na saa za ziada za watu wanaoonekana wakifanya kazi. Ni jambo la kwanza ndilo lililokosa jibu. Kwa Go Pass, wasafiri wengi wanauliza zaidi juu ya lile la tatu.

Baada ya mkataba

AirVenture ya 2014 ilianza tarehe 28 mwezi wa saba. Waongoza ndege walikuwa pale Fisk na darubini zao, kwa gharama ya EAA. Kwa rubani aliyetikisa mabawa, hakuna kilichoonekana tofauti.

Tarehe yenye uzito ilikuwa mbele zaidi. Sheria iliyoipa FAA ruhusa ya kufanya kazi na kukusanya kodi zake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi wa tisa mwaka 2015. Kongresi ilipaswa kuandika ingine, na hapo ndipo wabunge waliotuma barua mwaka 2013 wangekuwa na kalamu yenye nguvu kuliko barua. Wangeweza kuandika kwamba huduma hii ni sehemu ya kazi ya kawaida ya serikali, na kuitafutia pesa. Wangeweza pia kuandika kwamba wapanga maonyesho walipe, na kuweka kipimo kinachofanana kwa wakubwa na wadogo. Yote mawili yangekuwa jibu. Wangenyamaza, ada ingeendelea mpaka 2022 kwa nguvu ya mkataba ambao upande mmoja uliutia sahihi kwa sababu haukuwa na njia ingine.